Nimeshonwa, Nimepona, Lakini Mwili Huamka Ndotoni Tu

Shangazi mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie hata kama utanicheka, maana sina mwingine wa kumwambia. Mimi ni fundi rangi, umri umepita hamsini, mke wangu mshonaji, na mchana mmoja wa mvua, wateja hakuna, watoto shule, chumba kimejaa ule mwanga wa kijivu unaofanya kila kitu kionekane kiko mbali, tulikuwa pamoja kitandani tunachekacheka, akageuka ghafla, nikasikia ko! kama kijiti kikavu, halafu maumivu, halafu uume ukalala palepale, ukavimba, ukawa rangi ya biringanya. Mke wangu akasema, "Baba, twende hospitali sasa hivi." Nikamjibu, "Nikamwambie nini daktari? Itapoa yenyewe." Nikakaa na barafu mpaka kesho yake jioni ndipo nikakubali kwenda, madaktari wakasema uume umevunjika, yaani utando wa ndani umechanika, wakanishona. Dawa ya usingizi ilinichukua polepole, nikajiona niko juu ya ngazi napaka bluu ukuta usio na mwisho, na tangu siku ile ni kama sijashuka kwenye ngazi.

Kidonda kimefunga na daktari ameturuhusu kukutana tena, lakini mke wangu akinigusa tu nasikia tena ule mlio, kila kitu kinazimika. Ajabu ni kwamba alfajiri, nikiwa bado ndani ya ndoto, mwili unaamka kama zamani, nikifumbua macho vizuri umeshalala tena. Nina kisukari, na sigara sijaacha. Juzi mke wangu, yuko kwenye cherehani, hakuinua hata macho, akaniuliza, "Ni kwa sababu mimi ndiye niliyekuvunja, ndiyo maana hunitaki?" Nilitoka nikanunua unga ambao muuzaji wa mtaani anasema unarudisha ujana. Niunywe?
Fundi Rangi

Marahaba, Fundi. Sijakucheka, ila kukugombeza lazima.

Huo unga umwage sasa hivi. Hakuna anayejua kilichomo, na wewe una kisukari.

Aibu yako imekuponza. Jeraha kama lile linataka kushonwa mapema. Ukichelewa, hatari ya kovu, ya kupinda na ya nguvu kupungua inaongezeka. Umri nao unachangia, na ukubwa wa mchaniko pia. Hayo hayarudi nyuma. Lakini sukari na sigara ziko mikononi mwako, na zote mbili zinaharibu mishipa ileile ya damu unayoitegemea. Unang'arisha nyumba za watu, yako unaifukiza moshi!

Sasa nisikilize, baba. Hilo la alfajiri ni habari njema. Mara nyingi linaonyesha kwamba damu na neva bado zinafanya kazi, na mchana unazimwa na hofu. Ila mimi sikupimi kwa gazeti. Rudi kwa daktari aliyekushona, umweleze yote bila haya, aangalie kovu, apime sukari. Dawa za kweli zipo, na wapo wanaotibu hofu ya namna hiyo.

Na mkeo umemwachaje na swali zito vile? Yeye ndiye aliyetaka mkimbie hospitali! Leo, jua halijazama, kaa karibu naye umwambie, "Hukunivunja. Naogopa." Mwende kwa daktari wote wawili. Mpaka siku hiyo, lazeni vichwa kwenye mto mmoja, mshikane mikono, msikilize mtaa unavyopita nje, na asiwepo wa kumdai mwenzake kitu.