Baiskeli Nne Kwenye Chumba na Sebule

Jumapili, Julai. Lizaboni.

Baridi ya leo si ya mchezo. Ukungu umeshuka kutoka milima ya Matogoro tangu alfajiri na hadi tunatoka kanisani ulikuwa bado haujaondoka. Nimerudi nyumbani nimejikunyata ndani ya koti, nimewasha jiko la mkaa, nimepika wali na kuku kama mtu mwenye familia.

Leo nimepata nafasi humu ndani. Mwaka mzima nimeililia nafasi kwenye ukurasa huu mpaka nikawachosha wachache wanaonisoma. Sasa ninayo, na sijui niifanyie nini.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, ni mjane, na hatukujaliwa mtoto. Marehemu mume wangu, Gaspari, alikuwa bwana shamba na alikuwa na ugonjwa wa baiskeli. Wenzake walihamia kwenye pikipiki, yeye akaendelea kunyonga pedali. Alikuwa nazo nne. Moja nyeusi ya zamani aliyorithi kwa baba yake, moja yenye keria pana ya kubebea mbegu, moja ya gia, na moja nyekundu aliyoinunua ikiwa fremu tupu akaifufua mwenyewe kidogo kidogo. Tulipokuwa tunaishi nyumba ya serikali hazikuwa tatizo, zilikuwa na banda lake.

Alipofariki, siku ya kumaliza matanga ukoo ulikaa kugawa vitu vyake kama ilivyo desturi. Koti kwa huyu, viatu kwa yule, redio kwa mwingine. Baiskeli nyeusi ikapewa mdogo wake, shemeji yangu Osmundi, na zile tatu wakapewa watoto wa dada zake. Nikaulizwa kama nina neno. Nikasema sina. Wakapanda gari wakarudi kijijini kwao upande wa Namtumbo, gari limejaa hadi mlangoni, wakasema baiskeli watakuja kuzichukua siku nyingine.

Hawakuja.

Nikatakiwa kuiachia nyumba ya serikali, nikahamia hapa kwenye chumba na sebule, nikahama nazo. Ningefanyaje? Kitu kikishatajiwa jina la mtu mbele ya ukoo, hukiuzi, humpi jirani, wala hukiachi nje kikinyeshewa. Mwenye nyumba alinikataza kuziweka koridoni, wapangaji wenzangu wasije wakajikwaa. Uani ndiko kunakoanikwa mahindi yake, na hata pasingeanikwa mahindi, wezi wa mtaa huu wangezimaliza kwa usiku mmoja.

Basi tukabanana. Ya gia niliifunga kamba nikaining'iniza kwenye kenchi ya paa, juu ya kochi, na mgeni akikaa hapo alikuwa akiangalia juu kila baada ya dakika. Nyekundu niliisimamisha nyuma ya mlango wa chumbani, gurudumu la mbele limekaa kwenye msumari mkubwa, kwa hiyo mlango haukufunguka wote na mimi nikajifunza kuingia ubavu. Yenye keria ilikaa kati ya kabati na meza ya chakula, na kwenye keria yake nikaweka madaftari ya wanafunzi. Nyeusi nililala nayo. Ilikuwa kati ya kitanda na ukuta, upande wa Gaspari, na usukani wake ndio uliokuwa henga ya nguo zangu za kazini.

Nilizilalamikia kila siku. Nilizifuta vumbi nikilalamika, nikazijaza upepo nikilalamika, nikazitia mafuta cheni nikilalamika. Mwalimu mwenzangu alinishauri nizipeleke kwa fundi mmoja wa Msamala anitunzie. Nikamwambia nitafikiria. Sikufikiria.

Osmundi alikuwa akinipigia simu mara moja moja. Kila mara alianza hivyo hivyo, shemeji habari za siku, baiskeli zinaendeleaje. Nami namweleza kwamba ile ya gia tairi imeanza kupasuka, ile nyeusi kengele imegoma. Tukimaliza baiskeli ndipo tunaingia kwenye mengine, mahindi yamekuwaje, tumbaku imechukuliwa au bado, miguu ya mama inaumaje. Mara nyingine mama mkwe mwenyewe alipewa simu, tukasalimiana kwa heshima zote, naye akauliza baiskeli.

Mimi sikuwahi kuwapigia bila sababu. Niwapigie niseme nini? Mke aliyefiwa, hana mtoto wa kuunganisha damu, anapiga simu kijijini kwa marehemu anataka nini? Niliogopa swali hilo hata kabla ya mtu kuniuliza. Kwa hiyo tairi likipasuka nilifurahi, nasema ukweli. Nilipata cha kuwaambia.

Wiki iliyopita umeme ulikatika nikiwa napita sebuleni, nikajigonga mguu kwenye pedali ya ile yenye keria. Nilichubuka vibaya, muundi wote ukavimba. Osmundi alipopiga nikamwambia kwa utani, "Shemeji, baiskeli zenu zitaniua." Alicheka, nami nikacheka. Nilikuwa natafuta maneno tu ya kurefusha simu.

Juzi akapiga tena. Kuna kirikuu, gari dogo la mizigo, itakayoleta mahindi mjini Jumapili na itarudi tupu, ameongea na dereva, atakuja nayo azichukue zote nne kwa mkupuo. Alikuwa amefurahi kabisa. Alisema wamenitesa vya kutosha.

Ulimi wangu huu.

Nikasema asante. Nilipokata simu nilikaa kitandani nikaishika ile nyeusi kwenye kiti, na nikaona wazi kitu nilichokuwa nakizunguka tangu Gaspari azikwe. Baiskeli hizi zikiondoka, hakuna mtu wa ukoo ule atakayekuwa na sababu ya kupiga namba yangu. Mimi kwao nitakuwa nimeisha.

Leo wamekuja saa za mchana. Nilitaka kuchelewesha. Nikamkaribisha Osmundi chai kwanza, halafu nikachukua pampu nikaanza kujaza upepo gurudumu moja baada ya jingine, yote manane, kwa utaratibu kabisa. Alinitazama akatabasamu. Akasema, "Shemeji, hizi zinapanda gari, hakuna anayezipanda." Niliendelea kujaza.

Osmundi amemla kuku wangu akiwa amesimama. Dereva alikuwa anapiga honi, anataka kufika kabla giza halijaingia. Nikamfungia nyama nyingine kwenye hotipoti ampelekee mama, nikamsisitiza hotipoti irudi, na hapo nikajiona nilivyo, naanza kutafuta kitu kingine cha kudaiana. Walizilaza baiskeli juu ya magunia matupu wakazifunga kamba. Ya gia ilikuwa ya mwisho. Ilipotua kutoka kwenye kenchi, vumbi la kenchi la mwaka mzima lilinidondokea kichwani.

"Sasa utapumua, shemeji," Osmundi aliniambia.

Alikuwa anamaanisha wema. Nilitikisa kichwa, nikawapungia mkono, nikaingia ndani.

Mlango wa chumbani umefunguka wote. Umegonga ukuta kwa kishindo mpaka nikashtuka. Nimefagia palipokuwa na yenye keria, nikasugua doa la mafuta, halikutoka. Nguo zangu za kazini zimelala kitandani maana hazina pa kutundikwa. Nimekaa kwenye kochi na juu yangu hakuna kitu. Nimelia, tena kwa sauti, ambavyo sikulia hata siku ile ya kugawa vitu.

Halafu nimechukua simu.

Nilijitungia sababu, kwamba naulizia kama zimefika salama. Sababu yenyewe haikuwa na kichwa wala miguu, kirikuu ilikuwa haijamaliza hata nusu ya njia. Nimepiga hivyo hivyo, nikampigia mama mkwe mwenyewe, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza Osmundi ameshafika. Nikasema ameshaondoka nazo. Akauliza kuna iliyobaki. Nikasema hakuna hata moja. Akauliza nina shida gani.

Nikasema, "Sina shida, mama. Nimepiga tu."

Nikasikia kuku wa huko uani kwao, nikasikia anavuta pumzi.

"Mimi ndiyo niliwakataza wasije kuzichukua," alisema. "Watoto walizitaka tangu mwanzo. Nikawaambia waziache, zikiondoka hizo, huyu hatatutafuta tena. Halafu Osmundi ananiambia umeumia mguu. Nikaona namtesa mtoto wa watu kwa ajili ya moyo wangu."

Mwaka mzima nililala na usukani mbavuni nikidhani wananitafuta kwa ajili ya baiskeli tu, na huko kijijini kuna mama mzee anawazuia wajukuu zake wasichukue kilicho chao, asije akanipoteza. Wote wawili tumejificha nyuma ya baiskeli. Nimetaka kumwambia hayo, nimeshindwa. Nimemuuliza miguu inaendeleaje. Akasema inauma, baridi hii. Ameniuliza mguu wangu. Nimesema unapona. Tumeongea kuhusu miguu muda mrefu sana, hakuna aliyekuwa na haraka.

Mwisho nimemwambia Jumamosi nakuja huko.

Akasema nije na nguo nzito, kwao baridi ni kali zaidi. Hakuniuliza nafuata nini.