Jumatatu, Usiwe Getini

Kaka yangu,

Mimi mzima, kunguni tu ndio wamezidi hosteli. Na uchaguzi wa chuo nimeshinda! Usicheke. Kwenye hotuba yangu ya kwanza walichomoka mmoja mmoja, nikabaki na fundi wa spika. Ndipo nikaanza kugonga vyumba, siombi kura, nauliza tu: "Maji ya kwenu yananukaje?" Kila mlango ukanipa kisa chake.

Mtindo huohuo nimeupeleka mtaa ulio chini ya kiwanda chenu, kwa kina mama wanaofua nguo za watoto kwenye mto uliogeuka mweusi. Wamekubali. Jumatatu tunaandamana hadi getini, mimi mbele.

Nasikia ninyi walinzi mmegawiwa marungu, na mmeambiwa msichague wa kumpiga. Omba ruhusa siku hiyo, kaka. Najua sare hiyo ndiyo inayonisomesha, kwa hiyo sikulazimishi.

Mama nimemwambia Jumatatu nina mtihani.

Ukinyimwa ruhusa, simama karibu na kibanda chenu, nitakuja upande huo. Heri unipige wewe, unayejua ni bega lipi lililowahi kuvunjika.

Mdogo wako,
Chiriku