Muganga Gani?

Buyenzi, 9 Februari 1997

Mama mupendwa,

Asalaam aleikum. Kile kifua chako kimepona? Huku tuko wazima, alhamdulillahi, masasi ya bunduki tunayasikia upande wa Kamenge tu.

Mama, ni juu ya mujukuu wako Fatouma. Akili yake haikai pahali pamoja. Mwalimu akianza kusema, yeye ameshafika dirishani. Juzi alifuata bata mupaka kwenye bariyeri ya jeshi. Musoda akafoka “Hagarara!”, simama, akainua bunduki, na mutoto anaangalia bata tu. Nilipiga kelele mupaka sauti ikakatika. Sasa muganga mumoja amenipa dawa ya kumutuliza. Sijaanza kumupa. Wewe ndiye mama ya marehemu Uthmani, baba yake, siwezi kufanya bila kukuambia. Barua anakuletea Hamimu, yule anayevuka ziwa usiku na mutumbwi wake.

Mukwe wako,
Saliha

Ujiji, 2 Machi 1997

Mwanangu Saliha,

Waaleikum salaam. Kifua kimepoa, lakini wewe umenipandisha presha. Astaghfirullah! Mganga? Damu pekee aliyoniachia Uthmani unaipeleka kwa mganga? Kesho utaambiwa ulete kuku mweusi! Tupa chooni hayo majivu yake, leo hii. Mtoto wa miaka tisa kucheza na bata ndiyo ugonjwa?

Ni mimi mama yako

Buyenzi, 20 Machi 1997

Mama,

Salamu nyingi, na pole ya presha. Lakini usinichekeshe na shida zote hizi! Huku kwetu muganga ndiyo daktari. Ni Docteur Astère, muganga wa watoto, amesoma Ubelgiji. Kuku hakuniomba. Alikaa na Fatouma asubuhi nzima, akaongea na mwalimu wake pia. Anasema mutoto si mukaidi, amezaliwa hivyo. Dawa ni vidonge, atameza asubuhi. Nipe ruhusa, mama.

Mukwe wako,
Saliha

Ujiji, 11 Aprili 1997

Mwanangu,

Sijambo. Nimecheka peke yangu mpaka jirani akaja kuchungulia. Haya, si mganga. Lakini vidonge vya kichwa ni vya wendawazimu, mimi najua. Vikimfanya zezeta je? Na watu wakijua, nani atamposa? Sikubali. Ukimpa, usiniandikie tena.

Mama yako

Buyenzi, 7 Septemba 1997

Mama,

Asalaam aleikum. Natumaini u muzima. Ulisema nikimupa nisikuandikie. Nilimupa, ndiyo maana nimenyamaza.

Sikufichi kitu. Mwanzo alikuwa hali chakula mchana, amenyamaza kama mugeni, nikalia sana. Docteur akapunguza dawa. Sasa anakula, anacheka, na utundu wake wote bado anao. Lakini mwezi jana musoda alisema “Hagarara!” na Fatouma akasimama. Mi nilikuwa nyuma yake, nikakaa chini pale pale barabarani.

Sasa vidonge vinaisha. Embargo ya nchi jirani imefunga ziwa, bidhaa haziingii, na maduka ya dawa hapa mujini hayana. Karatasi ya Docteur iko ndani ya bahasha. Najua umekasirika. Ukikataa, nitapanda mutumbwi mi mwenyewe nije kutafuta. Siachi, mama. Mutoto huyu sitamuzika.

Saliha, ningali mukwe wako

Dar es Salaam, 4 Oktoba 1997

Mwanangu Saliha,

Nakusalimu, na Fatouma mbusu. Mimi mzima, ila mgongo umekoma na treni. Kigoma vidonge hawana, Tabora hawana, basi nikaona bora nifike mwisho wa reli.

Nimevipata Kariakoo. Kijana wa duka la dawa alisoma karatasi, akaniinamia, akaninong’oneza: “Bibi, hii ni ya mtu mwenye matatizo ya akili?” Foleni nzima ikatega masikio. Nikamjibu kwa sauti, wasikie mpaka wa nyuma: “Ni ya mjukuu wangu, anaitwa Fatouma, na akili anakuzidi. Funga dawa.”

Hamimu atavuka nayo nikirudi Ujiji. Mpe asubuhi, baada ya uji.

Mama yako