Kuku Niliyembeba kwa Balozi

Mjukuu wangu Ester,

Huku Kasansa tuko salama, mpunga umekubali, na babu yako bado anabishana na redio. Umeniuliza kama nasadiki kwamba virusi vinaweza kugeuza seli nzima kuwa saratani. Nasadiki, nimeviona kwa kuku.

Miaka ile ya sabini, vifaranga wangu walipokaribia kuwa mitetea walianza kuanguka, mguu mmoja mbele, mwingine nyuma. Nikasema aliyewaroga ni Mama Shija, jirani yetu Msukuma aliyehamia karibuni. Nikabeba kuku mmoja aliyekufa, nikaenda kumshtaki jirani kwa balozi wetu wa nyumba kumi. Njiani nikakutana na bwana mifugo, akampasua. Ini lilijaa vinundu.

"Hakuna uchawi, mama. Ni virusi. Vikiingia kwenye seli, zinazaliana bila breki. Vinasafiri na vumbi la manyoya."

Manyoya! Mwenyewe niliokota manyoya ya kuku mnadani, nikawatandikia vifaranga wapate joto.

Nikageuza, kwa balozi sikufika, na Mama Shija akabaki jirani yetu. Mwaka uliofuata uchungu ulinishikia shambani. Mikono iliyompokea mama yako ilikuwa ya Mama Shija.

Kila nikikukumbuka, namwombea yule bwana mifugo.

Bibi yako