Ufunguo Sikuusahau

Jumatatu, 23 Septemba. Tangtse.

Nimevuka kilele cha Chang La. Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, na gari liko nje limelala salama. Hilo kwanza. Mengine yafuate.

Asubuhi Otsal alisimama mbele ya boneti, mikono mfukoni. Mwanangu huyu akikasirika hupunguza sauti mpaka unabaki kumsoma midomo. Akasema mama wa miaka hamsini na saba kazi yake ni kuota jua na kuzungusha gurudumu la sala. Nikamwambia la sala ni moja, ya gari ni manne, nitazungusha yote. Akasogea pembeni. Nikatia gia.

Anaogopa watu watasema hanilishi. Hilo ndilo linalomuuma. Hilo, na habari ya Jigmet, kaka wa mkewe, ambaye ameshaahidiwa usukani wa gari langu. Jigmet! Anashuka mlima mzima kwa breki tupu mpaka magurudumu yananuka. Marehemu mume wangu Tundup angefufuka amnyang'anye leseni.

Niandike jinsi ilivyokuwa, maana nimechoka kusimuliwa na wengine. Mwaka jana Otsal alipopata mtoto tulifanya kama kila mtu anavyofanya kwetu. Yeye na mkewe Kunzes wakaingia nyumba ya ukoo, mimi nikahamia kijumba cha wazee nyuma ya shamba. Mbele ya wazee nilifungua kamba ya funguo kiunoni, nikailaza juu ya khatag, skafu nyeupe ya heshima, nikamkabidhi Kunzes. Ghala, stoo ya nyama, sanduku la feruzi, chumba cha sala. Ufunguo wa gari haukuwemo. Kijiji kizima wanasema nilisahau. Sikusahau. Niliutoa asubuhi ileile nikautia kiatuni, nikacheza ngoma yote unanichoma unyayo.

Wageni wangu ni Bwana na Bibi Kelkar, watalii wastaafu kutoka Pune. Waliomba dereva asiye na haraka. Mwongozaji wetu ni Namgail, akawaambia anaye mmoja kamili, ila amesuka nywele. Huyu Namgail alikuwa mtawa, akaacha, akaoa, na sasa anayatoa maneno yote aliyoyabana miaka ile.

Kileleni tukapiga ukelele wetu wa kuwashangilia miungu, ki ki so so, lhargyalo! Bwana Kelkar naye akajaribu, pumzi ikamwishia katikati. Tunakunywa chai, dereva wa lori la mafuta akanijia, akavua kofia kama kwa mama yake.

"Ama-le, mwanao nimemkuta njiani. Anasema uendeshe polepole."

Nikamwambia amjibu Otsal aongee kwa sauti.

Jumanne, 24 Septemba. Spangmik, kando ya ziwa.

Miguu bado ina ganzi. Lakini nacheka peke yangu hapa, naandika nacheka.

Kile kijito cha njiani kilikuwa kimefura. Asubuhi huwa kimya, mchana theluji ikiyeyuka kinageuka mwendawazimu. Tulichelewa kwa sababu Bibi Kelkar alikuwa anatapika, maskini, kichwa kinamgonga. Tukakuta magari kadhaa yamesimama, madereva wamekaa juu ya mawe wanavuta sigara. Mmoja akaja dirishani, kijana wa heshima kabisa. "Ama-le, shuka nikuvushie." Wengine wakatabasamu chini kwa chini.

Nikashuka kweli. Nikavua viatu, nikakunja suruali, nikaingia majini mwenyewe, nikapapasa mawe kwa nyayo kutoka ukingo huu hadi ule. Maji yale yanauma mpaka kwenye meno. Yule kijana akaanza kusema neno, Namgail akamwambia anyamaze, mama anasoma. Nikarudi, nikavaa viatu, gia ya kwanza, mkono mwepesi, nikapita juu ya mawe niliyoyakanyaga. Ng'ambo nikapiga honi mara moja tu. Sikutazama nyuma. (Nilitazama kwenye kioo.)

Nikafika hapa nimejaa kiburi, mwenye mahema akanipokea kwa thukpa, supu ya tambi ya moto, na ujumbe.

"Otsal amepiga simu kambi ya wajenzi wa barabara, wakanipa habari. Anasema ugeuze gari. Anasema hakuna aliyekasirika, anajua ulisahau tu."

Thukpa ilikuwa nzuri. Ujumbe niliuacha kwenye bakuli.

Jumatano, 25 Septemba. Hanle.

Bibi Kelkar amepona, amekaa mbele na mimi. Namgail kanyimwa kiti chake, amenuna hadi Chushul. Kabla ya Hanle upo ukuta mrefu wa mawe ya sala. Lami mpya inaupita vibaya, kwa upande usiofaa, sijui nani aliyepima. Nikashuka kwenye vumbi na mashimo, nikauacha mkono wa kulia kama inavyopasa. Bwana Kelkar akagonga kichwa kwenye paa, akauliza kama tumepotea. Namgail akamwambia hapana, waliopotea ni wa kule kwenye lami.

Bibi Kelkar akaniuliza nina watoto wangapi, wanakaa wapi, nakaa wapi. Nikajikuta namweleza yote, hadi kiatu. Akapandisha kioo, vumbi lisiingie.

"Mimi nilitoa zote, dada," akasema. "Nyumba, kabati, jiko. Sasa mkwe wangu ndiye ananichagulia kikombe cha kunywea chai." Baadaye kidogo akaongeza, "Cha plastiki."

Kunzes si mtu wa plastiki, nisimsingizie. Kila asubuhi ananiletea mtoto kijumbani, namwotesha jua mlangoni, anavuta shanga zangu na kuzitia mdomoni. Kunzes hana neno baya. Ila akipita karibu na gari hulitazama kama watu wanavyotazama kitu ambacho tayari ni chao.

Alhamisi, 26 Septemba. Bado Hanle.

Upepo. Mapumziko. Hakuna mtandao, hakuna lori, hakuna ujumbe. Nimebadilisha mafuta ya injini, nimeosha vioo. Nimelala mchana kama paka!

Ijumaa, 27 Septemba. Korzok.

Nimekasirika mpaka kalamu inatoboa karatasi, nisamehewe mwandiko.

Tumefika dukani, mwenye duka ananipa pole. Pole ya nini? Akasema habari imefika tangu jana, imeletwa na dereva wa lori la mboga. Otsal ameshawaambia wazee kwamba mama amezeeka kidogo, anasahausahau, gari litarudi nyumbani wiki hii. Jigmet ameanza kutangaza kwamba mwezi ujao anachukua wageni. Tena amekwishasema atang'oa picha ya Tundup pale kwenye dashibodi, inamzuia kuona. Picha ndogo kuliko kiganja!

Nikamwambia mwenye duka sijasahau kitu. Akaitikia ndiyo, ndiyo, Ama-le, kwa sauti ya kumbembeleza mgonjwa, akanipa biskuti.

Nikawarushia mbuzi.

Namgail alinifuata ufukweni mwa ziwa, akakaa karibu yangu. Safari hii hakuwa na utani.

"Kusahau si aibu, Ama-le. Kuficha kitu siku ya kukabidhi, hiyo ndiyo aibu. Otsal anajua. Unafikiri hajui? Anakusitiri."

"Sikuomba kusitiriwa."

"Sawa. Lakini ukisema hukusahau, yeye anakuwa nani? Mtoto ambaye mama yake hakumwamini."

Nikarusha jiwe ziwani. Maneno yake yananikera kuliko biskuti. Si suala la kumwamini. Ningempa Otsal figo. Lakini kwa nini kila kitu lazima kiwe ama chake ama nimesahau? Hakuna mlango wa tatu?

Na nina hofu, niiandike hapa kwa kuwa hapa hakuna anayesoma. Mlima siuogopi. Naogopa asubuhi ambayo nitafungua mlango wa kijumba, jua limefika kizingitini, na Kunzes hajaja na mtoto. Hatasema kwa nini. Kwetu hawasemi. Wanaacha tu kuja.

Nimefikiria kuutoa ufunguo. Nimefikiria kwa dakika nzima, nimeushika mkononi. Kisha nimeurudisha kiatuni.

Jumamosi, 28 Septemba. Debring, chini ya Taglang La.

Theluji. Njia imefungwa tangu asubuhi, foleni imesimama mbele ya mahema ya chai. Naandika ndani ya gari, kalamu nimeishika kwa glavu. Minyororo ya magurudumu nimeshaifunga.

Otsal yupo hapa. Alivuka kutoka upande wa Leh, kwetu, kabla hawajafunga, yeye na Jigmet, kwa lifti ya lori. Nilipoingia hema la Ama Chorol, muuza chai, nilimkuta ameketi, theluji mabegani. Akasimama kunipisha karibu na jiko. Adabu anayo, nilimlea mwenyewe.

Hema lilikuwa limejaa madereva. Akanena kwa sauti yake ile ya chini, lakini kila mtu aliacha kunywa.

"Mama, siku ile ulikuwa na mambo mengi. Wageni, mtoto, ngoma. Mtu yeyote angesahau ufunguo mmoja. Nipe sasa, yaishe."

Ama Chorol akadakia akimimina chai. "Mimi siku ya kukabidhi kwangu nilisahau mbuzi mzima! Wakamkuta juu ya paa." Watu wakacheka vizuri, kwa wema. Hata Jigmet. Walikuwa wamenitengenezea njia laini kabisa. Kuitikia kwa kichwa tu, nacheka nao, nakunywa chai, kesho naletewa mtoto mlangoni.

Nikasema, "Sikusahau."

Wakadhani sijaelewa. Nikarudia. Nikawasimulia yote, asubuhi ile, kiatu, ngoma, unyayo ulivyovimba. Kisha nikamgeukia yeye. "Nilikupa nyumba, shamba, ng'ombe dzo wa kulimia, chumba cha sala, na mahali pangu karibu na jiko. Nilikupa kwa mikono miwili, sijajutia hata kimoja. Gari sikukupa. Sikukupa kwa sababu nalitaka."

Ama Chorol akashikilia birika hewani. Mtu wa kijumba kwetu anasali, anasokota manyoya, anashukuru. Hasemi nataka. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilisema neno hilo kwa sauti.

Masikio ya Otsal yakawa mekundu. Na ndipo, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akanipandishia sauti.

"Na mimi mwaka mzima nimekuwa nikiwaambia watu nini? Nimeapa kwa ajili yako, Mama! Mbele ya wazee!"

"Sikukuomba," nikasema. Lilitoka kali kuliko nilivyotaka. Nikaweka kikombe chini, nikatoka.

Ndiyo niko hapa. Akina Kelkar wamekuja wakaingia nyuma bila kuuliza kitu. Bibi ananyonya kipande cha kitunguu saumu, dawa ya kichwa, ananishika bega, ananiachia. Namgail naye kaingia nyuma, amebanana nao, magoti kidevuni. Kiti cha mbele amekiacha kitupu. Sikumwambia afanye hivyo.

Otsal amekuja. Amesimama upande wa kulia, upande wa usukani, ametandaza kiganja. Nimeshusha kioo kidogo.

"Shuka, Mama. Theluji hii si ya mchezo."

"Ninaijua. Panda, uone mwenyewe."

"Mtoto anautazama mlango wa kijumba kila asubuhi." Sauti imerudi chini, nasoma midomo.

Hapo alinipata. Nimetazama picha ya Tundup mpaka macho yakakauka.

"Nami namtazamia. Panda, twende kwake."

"Nikipanda upande wa abiria watu wataona."

"Ndiyo. Wataona."

Mbele wamepiga filimbi. Njia imefunguka, magari yanaanza kusogea moja moja. Jigmet yuko mlangoni mwa hema, amekunja mikono, na madereva wote wa hemani wako nyuma yake. Nimewasha injini. Nimenyoosha mkono nikausukuma mlango wa kushoto hadi ukafunguka. Wa kulia nimeufunga kwa ndani.

Otsal ameanza kuzunguka. Amefika mbele ya boneti, amesimama palepale alipokuwa Jumatatu, mikono mfukoni, ananitazama kupitia kioo. Theluji inaingia, kiti kinalowa. Lori la nyuma linapiga honi. Namgail anasema Ama-le, tutaganda.

Siufungi.