Haji Hakuzikwa Mzima

London

Dada yangu Zuwena,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku imenikaa kifuani. Je, goti la Mama limepoa? Na mwanao ameshaota meno? Barua hii isome peke yako, Mama usimsomee.

Kazi yangu unaijua. Nakata ubongo wa maiti vipande vyembamba kuliko karatasi ya sigara, navitia dawa, kisha daktari ninayemfanyia kazi anavitazama kwa darubini ili azipange chembe zake kwa aina. Hii ina umbo la pia ya watoto, hii ni nyota, hii nyuzi zake zimesukwa kama tenga. Hugombana na wenziwe kutwa kwa ajili ya unywele mmoja, eti hii si jamaa ya ile.

Sasa Haji, yule baharia, mwana wa jirani yetu Bi Mize, alishushwa melini mgonjwa, akalazwa hospitali hii hii. Nilikuwa nikimpelekea uji. Mara ya mwisho alinishika mkono.

"Makame, n'shakwisha mie. N'zike weye."

"Nyamaza, utapona," nikamwambia. Hakupona.

Nilipokwenda kumchukua, karani akauliza mimi ni nani wake. Nikasema ni ndugu yangu wa kunyonya. Bi Mize alipougua uzazi, Mama alitunyonyesha sote wawili. Karani akacheka.

"Mna damu moja?"

"Hapana."

"Basi hana jamaa."

Dada, watu hawa wanajua ujamaa wa vitu visivyoonekana kwa macho, lakini undugu wa ziwa moja hawaujui! Na asiye na jamaa, madaktari humpasua kwanza.

Waliponipa maiti nilimwosha, mabaharia wa Kisomali wakanisaidia. Kichwa kilikuwa kimeshonwa kama gunia la karafuu. Tukamswalia, tukamzika hivyo hivyo.

Majuma yakapita, ndoo yenye ubongo ikaletwa mezani kwangu, imeandikwa: baharia, kijana, Zanzibar. Nikamwomba daktari aniache nikauzike. Akajibu kwa upole, na upole wake ndio unaonichoma, kwamba ubongo mzuri namna hii haupatikani kila siku. Kama siwezi, atamwita mwenzangu. Huyo mwenzangu hukata huku anatafuna mkate. Nikatia udhu, nikamkata mwenyewe.

Daktari amefurahi mno. Amepata aina mpya ya chembe, na ameipa jina lake yeye. Namchukia, dada. Nashindwa hata kumwitikia salamu.

Nisalimie Mama, shemeji, na shangazi wa Makunduchi. Bi Mize mpe mkono wa tanzia. Akiuliza kama mwanawe alizikwa vizuri, mwambie nilimwosha mimi. Akiuliza zaidi, lia tu.

Nduguyo,
Makame