Nimechomoa waya mbele ya Pak Hardono

Wening rafiki yangu, sikia nilichofanya leo!

Nilikuwa naonyesha mtandao wangu maabara, ule ambao watazamaji wanarushiana video wao kwa wao. Pak Hardono, msimamizi wangu mwenyewe wa tasnifu, akanikatiza: "Ratri, mwanangu, kompyuta moja ikizimika, zote zinazoitegemea zinakosa picha. Huu ni mchezo wa watoto!"

Mchezo wa watoto! Mbele ya darasa zima!

Nikachomoa waya wa kompyuta ya katikati. Mechi ya badminton tuliyokuwa tukiitazama ikaganda, yeye akacheka. Mara kompyuta zile nyingine zikatafutana zenyewe, mechi ikaendelea!

Akasema, "Bahati tu. Futa sura ya mtandao huu kwenye tasnifu yako, au ufute jina langu kama msimamizi."

Nikamjibu, "Sawa, Pak. Nafuta jina."

Na nimelifuta kweli. Sasa sina msimamizi, Wening, na sijutii hata kidogo.